Kulewa Safari: Kichefuchefu cha Mwendo katika Njia za Busia na Malaba

Kiswahili kina mazoea ya kumwita msafiri anayetapika chomboni kwa jina la mlevi. Husemwa kwamba mtu huyo amelevywa na bahari, hata kama hajawahi kuonja tone la kileo maishani mwake. Husemwa vilevile kwamba moyo unamwelea, au moyo umemchafuka, ingawa kiungo kile cha kusukuma damu hakina hatia yoyote katika jambo hili. Misemo hiyo ilizaliwa pwani, miongoni mwa watu wa majahazi na mitepe. Makala haya yananuia kuieleza hali hiyo mbali kabisa na pwani, katika miji ya Busia na Malaba iliyo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako bahari haipo lakini waliolevywa nayo, kwa namna ya kusema, wapo tele.

Wengi wao huteremka kutoka katika mabasi ya usiku. Basi litokalo Nairobi kwenda Kampala kupitia Malaba hushuka katika Bonde la Ufa, likapanda tena hadi Timboroa, mahali palipo takribani mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha likateremka kupitia Eldoret, Webuye na Bungoma. Lile la Busia aghalabu hupitia Kericho na Kisumu, likapindapinda katika vilima vya majanichai kabla ya kuufikia uwanda wa ziwa. Abiria huyapitia hayo yote gizani, ameinama juu ya simu yake, tumboni mna chipsi alizozila kwa haraka kituoni. Afikapo mpakani alfajiri, hana nguvu hata ya kushika kalamu ajaze fomu.

Wengine ni wasafiri wa majini. Kaunti ya Busia inapakana na Ziwa Viktoria upande wa kusini, na kutoka Port Victoria na Sio Port mashua za injini huwapeleka wavuvi, wachuuzi na jamaa zao hadi kisiwa cha Sumba na visiwa vya upande wa Uganda, kikiwemo Sigulu. Safari ya ziwa si jambo geni katika eneo hili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, msafiri wa Uganda aliiacha gari moshi hapo na kumaliza safari yake kwa meli. Hali hiyo iliendelea hadi njia ya reli inayopita Eldoret na Malaba ilipofika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo wengi waliuhamishia ulevi wao barabarani.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kulitazama suala la istilahi. Wapo wanaotumia “ugonjwa wa bahari”, lakini jina hilo halimfai abiria wa basi. “Kigegezi” ni neno zuri, ila halijaenea sana bara. Makala haya yatatumia “kichefuchefu cha mwendo”. Msomaji ataona kwamba kichefuchefu, mfano wa mwenzake kizunguzungu, ni neno lililorudufishwa, na urudufishaji huo unaafikiana na hali yenyewe, ambayo huja, ikaondoka, ikarudi tena. Wagiriki wa kale nao walilitoa neno lao la kichefuchefu katika naus, yaani meli, na lugha nyingi za Ulaya zikalirithi. Walau katika hili, mabaharia wa kila upande walionja shubiri ileile.

Je, chanzo chake ni nini? Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu myembamba iliyopinda na kujaa majimaji. Kila mmoja umeelekea upande wake, na kazi yake ni kupima mizunguko ya kichwa. Kando yake mna vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa ambazo huhisi mwinamo na mwendo wa kwenda mbele, kando, juu au chini. Mtu anapotembea kwa miguu yake, habari za sikio, za macho na za misuli hukubaliana. Anapoketi ndani ya basi akisoma, macho huuambia ubongo kwamba ukurasa umetulia tuli, ilhali sikio linashikilia kwamba mwili unayumba. Ni kutopatana huku kwa mashahidi ambako watafiti Reason na Brand walikueleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1975, na ufafanuzi huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndio unaokubaliwa na wengi hadi leo.

Kwamba sikio ndilo mshitakiwa mkuu lilijulikana mapema zaidi. Mnamo 1882, mwanafalsafa wa Marekani William James alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu viziwi, akaonyesha kwamba wengi wao hawakupata kizunguzungu hata walipozungushwa. Watu ambao viungo hivyo vya sikio la ndani vimekufa kabisa hawalevywi na bahari. Swali gumu ni kwa nini ubongo, baada ya kupokea habari zinazopingana, uamue kulitapisha tumbo, ambalo halikuulizwa chochote. Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba ubongo huichukulia hitilafu hiyo kuwa dalili ya sumu: kwa mamilioni ya miaka, kiumbe aliyeona dunia ikizunguka bila sababu alikuwa amekula kitu kibaya, na tiba yake ilikuwa kukitema. Hiyo ni nadharia tu, lakini ni nadharia yenye mvuto.

Hapa ndipo msemo wa wahenga wa pwani unapostahili heshima. Pombe inapoingia katika damu hupenya kwanza kwenye kiungo laini kilichomo ndani ya ile mifereji ya sikio, kabla ya kuenea katika majimaji yanayokizunguka. Kwa muda, kiungo hicho huwa chepesi kuliko majimaji yale, nacho huelea. Ndiyo maana mlevi alalapo kitandani huona chumba kikizunguka. Ulevi wa chupa na ulevi wa bahari, basi, huingilia mlango mmoja. Waliosema bahari hulevya hawakuwa wakitafuta tamathali. Walikuwa wakieleza walichokiona, na sayansi ikaja kuwaunga mkono baadaye sana. Kwa sababu hiyohiyo, anayekunywa kabla ya safari ili “kutuliza tumbo” anaongeza petroli motoni.

Si kila mtikiso unaodhuru. Majaribio yaliyofanywa miaka ya sabini yalionyesha kwamba mwendo wa kupanda na kushuka unaochefua zaidi ni ule wa polepole, wa karibu mara moja kila sekunde tano. Mtikiso wa haraka haraka huumiza kiuno, lakini hauchafui moyo kwa kiasi hicho. Mashimo ya barabara, ambayo abiria hupenda kuyalaumu, kwa hiyo hayana kosa kubwa. Wa kulaumiwa ni dereva anayekata kona kwa kasi, anayeyumba huku na huko akiyapita malori, na anayekanyaga breki na mafuta kwa zamu. Turner na Griffin, waliowachunguza abiria 3,256 wa mabasi ya Uingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, waligundua kwamba kichefuchefu kiliongezeka kadiri basi lilivyoyumba kando. Waligundua pia kwamba wasioiona barabara iliyo mbele yao walikaribia kuwa katika hatari mara tatu zaidi ya wale walioiona vizuri.

Hilo ndilo jibu la fumbo la dereva, ambaye hupita katika kona zilezile bila hata kubadili rangi ya uso. Yeye huiona kona kabla haijafika, na mikono yake ndiyo inayoiamua. Ubongo wake hauna la kushangaa. Utingo aliyelala nyuma ya kiti cha lori lilelile hana bahati hiyo. Msafiri ajuaye tumbo lake, kwa hiyo, na akate tiketi mapema apate kiti cha mbele au, kikikosekana, kiti kilicho kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Viti vya mwisho kabisa, ambavyo wanafunzi huvipenda kwa sababu ya soga, ndivyo vinavyorushwa zaidi. Mchana atazame mbali mbele. Usiku, ambapo hakuna cha kutazama, afumbe macho, akiegemeze kichwa kisicheze, na ajaribu kulala. Dirisha lifunguliwe kidogo ikiwezekana. Kitabu na simu vibaki mkobani, na ushauri huu unawahusu hasa wale wanaosafiri kwenda makongamano wakitarajia kumalizia makala yao njiani.

Chakula nacho kina nafasi yake. Tumbo tupu kabisa halisaidii, wala lililojaa mafuta. Kipande cha mkate, ndizi, au uji mwepesi saa moja au mbili kabla ya safari hutosha. Tangawizi husifiwa sana na wasafiri; utafiti juu yake umetoa matokeo yanayotofautiana, lakini kwa watu wengi chai ya tangawizi haina madhara, na anayeona inamfaa hana sababu ya kuiacha.

Lipo pia jambo dogo la mfuko. Kwa miaka mingi kondakta wa basi aliwagawia abiria mifuko ya plastiki ya kutapikia. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Msafiri anayetoka Uganda akiwa na buveera zake hutakiwa aziache mpakani. Anayejua udhaifu wake na abebe kopo lenye kifuniko au mfuko wa karatasi ngumu. Lifaalo ni kuwa nalo mkononi, si katika buti la basi.

Ziwani mambo hubadilika kidogo. Mawimbi ya Ziwa Viktoria ni mafupi, yamekaribiana na huinuka kwa ghafla, hivyo mashua ndogo hurukaruka. Wapo wanaostahimili mruko huo wote, kisha wakaanza kutapika pale injini inapozimwa na mashua kubaki ikielea na kuyumba polepole huku harufu ya petroli na samaki ikitanda. Methali isemayo tezi na omo marejeo ni ngamani inaweza kusomwa hapa kama ushauri wa kitabibu: omo hupanda na kushuka kuliko sehemu zote, tezi ina moshi wa injini, na katikati ya chombo ndipo penye utulivu. (Ngama yenyewe, penye maji machafu ya kukumba, haipendekezwi kwa mtu ambaye pua yake imekwisha kuasi.) Msafiri aketi katikati, chini kadiri inavyowezekana, uso ukielekea mbele, macho yakiwa kwenye mstari ambapo maji hukutana na mbingu au kwenye kilima cha nchi kavu. Mstari huo hauyumbi; ukitazamwa, macho hutoa ushahidi uleule unaotolewa na sikio.

Kuna hatari moja ambayo ni kubwa kuliko kichefuchefu chenyewe. Anayetapika huinuka na kujinyoosha juu ya ukingo wa mashua, na wenzake humwinukia ama kumsaidia, ama kumkwepa. Mashua iliyojaa kupita kiasi haihitaji zaidi ya hapo ili ilale ubavu. Maafa ya MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, yote mawili katika maji ya Tanzania ya ziwa hilihili, yaliwaua mamia ya watu waliokuwa katika vyombo vilivyopinduka vikiwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Hayo yalikuwa makubwa kuliko mashua za Port Victoria. Mgonjwa atapike akiwa ameketi, katika kopo au ndoo, na jaketi la kuokolea maisha lisivuliwe kwa kisingizio kwamba linabana tumbo.

Wavuvi huuliza, kwa kejeli kidogo, kwa nini wageni wadhoofike hivyo. Jibu ni kwamba ubongo hujifunza. Baharini watu wengi hupata nafuu baada ya siku mbili au tatu, na anayekwenda majini kila siku hupoteza usikivu huo kabisa, mpaka apumzike muda mrefu ufukweni. Si suala la ushujaa. Horatio Nelson, amiri mashuhuri wa Uingereza, alisumbuliwa na bahari maisha yake yote, na Charles Darwin aliteseka vibaya katika safari yake ya meli ya Beagle kati ya 1831 na 1836. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili huathirika zaidi ya watu wazima, wanawake zaidi ya wanaume, hasa wakiwa wajawazito, na watu wenye kipandauso zaidi ya wasio nacho. Watoto wachanga ni nadra kuathirika.

Sasa kuhusu dawa, sehemu ambayo makosa mengi hufanyika. Kosa la kwanza ni la wakati. Kichefuchefu kikianza, tumbo huacha kusukuma vilivyomo kwenda utumboni, na kidonge kinachomezwa hapo hubaki kilipo hadi kitapikwe. Dawa humezwa kabla ya safari, nyingi zake nusu saa hadi saa mbili kabla, kulingana na maelezo yake. Zinazojulikana kufaa ni haiyosini ya aina ya haidrobromaidi na baadhi ya dawa za mzio za kizazi cha zamani, kama vile promethazini, saiklizini, dimenhidrineti na sinarizini.

Kosa la pili ni la majina. Dawa inayouzwa kwa jina la Buscopan nayo ni haiyosini, lakini ni aina nyingine, ile ya butilibromaidi. Hutuliza msokoto wa tumbo, ila haipenyi ubongoni, na kwa hiyo haizuii kichefuchefu cha mwendo. Plasil, ambayo watu wengi huikimbilia kwa kila tapiko, ni metoklopramidi. Nayo haijaonyesha manufaa katika hali hii. Hata zile dawa mpya za mzio zinazosifiwa kwa kutoleta usingizi, kama setirizini na loratadini, hazisaidii, kwani kule kutoingia ubongoni kunakozizuia zisilete usingizi ndiko kunakozinyima nguvu ya kutibu. Ajabu ni kwamba usingizi na uponyaji hapa husafiri pamoja.

Na usingizi huo una bei yake. Neno boda boda lilizaliwa hapahapa Busia, wakati waendesha baiskeli walipowavusha watu eneo la kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita kwa Kiingereza, “border, border”. Mwendeshaji aliyesafiri usiku kucha akiwa amemeza promethazini, kisha akapanda pikipiki yake asubuhi, anaendesha akiwa nusu macho. Vivyo hivyo dereva wa lori anayepokea zamu baada ya kulala kitini, na mwanafunzi anayeteremka kwenye basi na kuingia moja kwa moja katika chumba cha mtihani. Dawa hizi hudumu mwilini kwa saa nyingi na haziambatani na pombe hata kidogo. Mwenye shinikizo la macho au ugumu wa kukojoa kutokana na tezi ya kibofu asitumie haiyosini bila kumwona daktari. Mjamzito naye aulize kwanza. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzuia kupumua. Mzazi anayenunua kidonge dirishani kwa mchuuzi wa stendi, akakigawa nusu kwa meno, hajui amempa mtoto wake kitu gani. Mahali pa kununulia dawa ni duka lenye mfamasia, naye aambiwe umri, ujauzito na maradhi mengine.

Aliyekwisha kutapika anahitaji maji kuliko anavyohitaji kidonge. Anywe funda ndogo ndogo, kila baada ya dakika chache, badala ya kugugumia chupa nzima. Pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini ni bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Kisha alale chali, macho yamefungwa, penye hewa.

Kwa kawaida mambo haya huisha muda mfupi baada ya chombo kusimama. Aliyekaa ziwani muda mrefu anaweza kuhisi ardhi ya Port Victoria ikiyumba chini ya nyayo zake kwa saa kadhaa au hata siku mbili. Hilo si la kutisha. La kutisha ni tapiko linaloendelea kutwa nzima baada ya safari, au linaloandamana na homa. Mwendo hauleti homa. Kaunti ya Busia ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na wengi wameichukulia malaria kuwa “uchovu wa basi” hadi ikawa kali. Tapiko la aina hiyo linapaswa kupelekwa kwenye kipimo cha damu siku hiyohiyo.

Uangalifu huu ulionekana wazi wakati Uganda ilipokumbwa na Ebola mwaka 2022 na tena mwaka 2025, ambapo maafisa wa afya waliwapima joto wasafiri katika vituo vya Busia na Malaba. Katika majira kama hayo, abiria aliyetapika usiku kucha huingiwa na hofu ya kuzuiliwa, akajipangusa kinywa na kukana. Kukana hakumfai yeye wala walio nyuma yake kwenye foleni. Amweleze afisa ni lini alianza kutapika, alitoka wapi, alikula nini, alimeza dawa gani, na kama amemgusa mgonjwa yeyote. Asiye na homa, aliyeanza kutapika penye kona za Kericho na kutulia basi liliposimama, ana maelezo yanayoeleweka, na kipimajoto kitakuwa shahidi wake.